Mpake Mbingu, Mwache Mnara

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tunakaa Fuoni. Nina watoto watatu: mkubwa wa kiume ana miaka 14, wa kati wa kike ana 9, na mdogo ana 6. Likizo hii ya Juni nataka tutoke sote, na baba yao na bibi yao, twende mjini tukachore lile hekalu la zamani la Wahindi pale Hurumzi. Nimepita pale tangu nasoma chuo cha Qurani na sijawahi kusimama. Tunaruhusiwa? Tubebe nini? Mnara una nakshi tele, sijui mtu anaanzia wapi. Wa kati anasema hajui kuchora na hataki kuja. Na mama mkwe wangu hajaridhika, anasema si pahala petu, ingawa bangili anazovaa mwenyewe alitengenezewa na sonara wa Kihindi siku za usichana wake. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha. Miaka mingi nawapitisha watoto na madaftari yao katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na wanaoniuliza habari za hekalu karibu wote ni wageni. Mwenyeji aliyepita mlangoni pake tangu ana juzuu mkononi, akataka sasa kusimama na wanawe, ni nadra kumpata. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, na la bibi nitaliweka mwisho.

Kwanza turekebishe neno moja, maana watoto watalibeba. Umesema hekalu la Wahindi. Wahindi wa Unguja wana dini mbalimbali: wako Mabohora, Maismailia, Maithnaasheri na Masuni, wote Waislamu, na wako Wagoa ambao ni Wakatoliki. Hekalu hili ni la Wahindu, yaani wafuasi wa dini ya Kihindu, ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani. Na kwa kuwa nimelitaja jina hilo, iko ile methali ya Baniani na kiatu chake. Nakuomba muiache Fuoni. Mtoto wa miaka 9 ataisema kwa sauti mlangoni akidhani ni mzaha, na ndani yuko mtu anayeelewa Kiswahili vizuri kuliko yeye.

Sasa ruhusa. Njia ni ya watu wote, na hakuna atakayekuzuia kukaa upande wa pili ukachora ukuta na mnara. Lakini hekalu ni nyumba ya ibada, watu wanaingia kusali leo kama walivyoingia jana. Kwa hiyo siku moja kabla, wewe au mumeo muende peke yenu, mpige hodi, muulize mlinzi au kuhani, ambaye wenyewe humwita pujari, mambo matatu: ibada ni saa ngapi, watoto wanaweza kuingia mpaka wapi, na kipi hawapendi kichorwe au kipigwe picha. Ibada kubwa kwa kawaida ni asubuhi na jioni, taa ikizungushwa mbele ya sanamu na kengele ikipigwa. Hiyo huitwa aarti. Katikati ya mchana mahekalu mengi hufungwa. Usiulize haya siku ya safari ukiwa na watoto watatu wenye hamu na bibi aliyechoka.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Zamani, nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kazi hii, nilichukua watoto kumi na wawili mpaka kwenye mlango wa nyumba ya ibada isiyo ya dini yangu bila kumwambia mtu. Wakakaa kwenye ngazi, wamejipanga vizuri, kimya, wanachora. Mimi nikajiona mwalimu hodari. Kumbe tulikuwa tumeziba njia. Akaja mama mmoja mzee na sinia la maua, akasimama. Hakusema neno. Alisubiri mpaka mtoto mmoja akainua kichwa, akamwona, akasogea. Yule mama akapita huku ameinua sinia juu ya vichwa vyao ili lisimguse mtu. Mpaka leo nikiwapanga watoto mahali, kwanza natazama miguu ya watu itapita wapi.

Mkiruhusiwa kuingia, viatu vinabaki nje, hilo unalijua kutoka msikitini. La zaidi ni ngozi: mikanda, pochi na mikoba ya ngozi ni vyema muiache kwa atakayekaa nje, kwa sababu ng'ombe kwao ana heshima kubwa. Chakula chenye nyama kisifike karibu na mlango. Buibui na mitandio yenu ni sawa kabisa, kufunika kichwa ni adabu kwao pia. Msikae mmenyoosha nyayo kuelekea kwenye sanamu. Wenyewe wakizunguka patakatifu pao huzunguka kwa mkono wa kulia, yaani patakatifu pawe kuliani mwao, basi na nyinyi mkitembea ndani mfuate mwendo huohuo ili msigongane na anayesali. Huenda mkakaribishwa tamu au tunda lililotolewa katika ibada, wanaliita prasadi. Kulila au kutolila ni jambo la kumuuliza sheikh wenu mapema, si mimi. Ninachoweza kukuambia ni namna ya kukataa: sema ahsante kwa kuweka mkono kifuani kabla hujapewa. Kulipokea kisha mkaliacha kwenye baraza ya jirani ni kumvunjia mtu heshima yake.

Kijana wako wa miaka 14 atakutana na kitu kimoja kitakachomshtua, bora umwambie kabla. Kwenye mahekalu na hata juu ya milango ya maduka ya Wahindu huchorwa alama ya swastika. Yeye ameiona katika vitabu vya historia kwenye bendera ya Ujerumani ya Hitler. Mwambie kwamba jina lake ni la Kisanskriti, lenye maana ya heri na uzima, na kwamba Wahindi walikuwa wakiichora maelfu ya miaka kabla Wanazi hawajaichukua katika karne ya 20. Akiijua habari hiyo kabla ya kutoka nyumbani, hatasimama pale anong'one na kuonyesha kidole.

Kisa hiki hupenda kuwasimulia watoto wakubwa. Mwaka 1498 Vasco da Gama, nahodha Mreno, alipita pwani yetu, akapata rubani Malindi ya Kenya, akavuka mpaka Calicut kule India. Huko akapelekwa kwenye hekalu la Kihindu, na yeye na watu wake wakadhani ni kanisa. Wakapiga magoti wakasali. Waliona kengele, waliona picha ukutani zenye taji kichwani, macho yakawaambia walichokwisha kukijua, na hawakumuuliza mtu. Mchoraji naye yumo katika hatari hiyo kila siku. Mtoto akiona mnara anachora mnara wa msikiti, kwa sababu ndio alionao kichwani. Kazi yetu siku hiyo ni kumfanya aone ule ulio mbele yake.

Basi twende kwenye mnara wenyewe, ndilo swali lako ninalolipenda zaidi.

Wahindu wa Zanzibar wengi asili yao ni Gujarat na Kutch, pwani ya kaskazini magharibi ya India. Wafanyabiashara wa huko walikuwa wakija na majahazi kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi karne nyingi. Katika miaka ya 1830 kampuni ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch, ndiyo iliyokuwa imekodi forodha ya Sultani Seyyid Said. Ushuru wa karafuu na pembe ulipitia mikononi mwao. Gandhi mwenyewe, akiwa kijana wakili asiyejulikana, alikaa Zanzibar siku kadhaa mwaka 1893 akingoja meli ya kuelekea Afrika Kusini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka, ndiyo maana leo jamii hiyo ni ndogo na hekalu lenyewe unaweza kulipita kama ulivyolipita wewe.

Huko walikotoka, mnara wa hekalu huitwa shikara, na maana yake ni kilele cha mlima. Ukishalijua hilo, kazi ya kuchora imepungua nusu. Mjenzi anajenga mlima. Mlima mkubwa unaegemewa na vilima vidogo vyenye umbo lilelile, na hivyo vidogo vinaegemewa na vingine vidogo zaidi. Macho yako yanaona nakshi elfu, lakini ni umbo moja limerudiwa. Juu kabisa ya shikara mara nyingi hukaa jiwe la mviringo lenye mifuo kama boga, juu yake chungu, na juu ya chungu bendera. Waambie watoto watafute: boga liko wapi? Chungu kiko wapi? Kama mnara wenu una hivyo vyote au baadhi tu, wao ndio watakaokuambia, na mtoto anayetafuta boga juu ya mnara ameshaanza kutazama.

Shida ya Hurumzi ni kwamba njia ni nyembamba. Huwezi kurudi nyuma ukauona mnara mzima. Utauona kwa kuinua shingo, na ukuta wa jirani umekula robo yake. Wengi hapo hukata tamaa, wakaupiga picha, wakaenda kuchora nyumbani kutoka kwenye simu. Usifanye hivyo. Chukua karatasi ya A4 uikunje kwa urefu, upate ukanda mwembamba mrefu. Anza chini: ngazi, kiatu kilichovuliwa, mlango. Panda na ukuta ulivyo, plasta iliyobanduka, waya za umeme zinazokata njia, baskeli iliyoegeshwa. Kisha ndipo mnara, huko juu, umebaki na nafasi ya kidole kimoja. Hivyo ndivyo mtu wa Unguja anavyoliona hekalu hili kweli, kutokea chini ya uchochoro, na ukanda ule unasema kweli kuliko kadi za posta.

Sasa nakupa dawa ya binti yako anayesema hajui kuchora. Usimwambie achore mnara. Mpe brashi na rangi ya buluu, umwambie achore mbingu.

Atakuuliza mbingu inachorwaje. Mwambie atazame juu, kati ya mapaa mawili. Kile kipande cha mbingu kina umbo. Upande huu kimekatwa na paa la mabati, huu kimekatwa na ukingo wa hekalu, unaopanda kwa ngazi ndogo ndogo, unaingia, unatoka, unaingia tena mpaka kileleni. Achore ukingo wa mbingu tu, kisha aijaze buluu. Akimaliza, hekalu litakuwa limesimama katikati ya karatasi, jeupe, bila yeye kuligusa. Nimeona watoto wakishtuka wenyewe. Sababu ni kwamba akilini mwao nyumba ina sura, mti una sura, mtu ana sura, wamezijua tangu darasa la kwanza na wanazirudia hizohizo. Kipande cha mbingu kati ya paa na mnara hakina jina. Kwa kuwa hakina jina, mkono hauna mazoea ya kurudia, unalazimika kufuata jicho. Yule asemaye hajui kuchora ndiye hufanya vizuri zaidi hapa, kwa sababu hana ujuzi wa kumpotosha.

Mkubwa mpe kazi ya vipimo. Anyooshe mkono, kiwiko kisikunjwe, ashike penseli wima, afumbe jicho moja. Apime upana wa mlango kwa kidole gumba juu ya penseli, kisha ahesabu: urefu wa mlango ni upana mara ngapi? Ukuta je? Kabla ya chochote apige mstari mmoja mwepesi wa katikati kutoka chini hadi juu, maana hekalu kushoto na kulia ni pacha, na bila mstari huo bega moja litashuka. Akimaliza hapo, kama bado ana pumzi, mpeleke Malindi msikiti wa Balnara, ambao mnara wake ni wa umbo la pia na umetiwa nakshi za pembe pembe, kisha apite Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Joseph, alitazame kwa vipimo vilevile. Kwa miguu ni mwendo mfupi. Akiyaweka majengo yote matatu ukurasa mmoja kwa kipimo kimoja, ameshaijua historia ya mji huu kuliko nitakavyomsimulia.

Mdogo wa miaka 6 hatakaa zaidi ya robo saa, na usimlazimishe. Mpe karatasi aweke nukta katikati, hiyo ni yeye. Kila anachokisikia akiwekee alama upande kinakotokea: kengele ya hekalu, adhana, honi ya vespa, muuza kahawa anagonga vikombe, kunguru. Kunguru wa mjini nao asili yao ni India, waliletwa kwa meli mwishoni mwa karne ya 19, hilo litamfurahisha. Baada ya hapo ahesabu misumari ya shaba kwenye milango ya jirani. Milango ya mtindo wa Gujarat ina vibao vidogo vya mraba na hukunjwa, na misumari ile mikubwa India ilikuwa na sifa ya kuzuia tembo wasisukume mlango kwa kichwa. Hapa hatukuwa na tembo, fundi alibaki na pambo. Lakini asiweke karatasi juu ya mlango na kusugua kwa kreoni, wala msibandike kitu ukutani. Nta inaingia kwenye nakshi haitoki, na kuta hizi za matumbawe na chokaa zinadondoka hata kwa kuguswa. Utaona pahala watu wameziba kwa saruji na ndipo pameharibika zaidi: chokaa hupumua, saruji haipumui, unyevu unabaki ndani na kuisukuma plasta nje. Mkiona ukuta wa namna hiyo, uchoreni. Ile ramani ya mabaka ni nzuri sana kwa kivuli cha penseli.

Vifaa ni vichache. Penseli 2B kwa kila mmoja, kichongeo kimoja, na raba iachwe nyumbani. Nasema hivi kwa dhati: mtoto mwenye raba anafuta, asiye nayo anachora mstari wa pili pembeni ya wa kwanza, na huo wa pili ndio huwa sahihi. Kata boksi la kartoni vipande vya ukubwa wa daftari viwe ubao, na kila ubao uwe na vibanio viwili, hata vya nguo, maana Juni ni kusi na kusi halina huruma na karatasi. Rangi za maji za watoto, brashi moja nene, chupa ya maji. Basi.

Kwa kivuli msinunue rangi. Nunueni kahawa. Muuza kahawa akipita na dele lake mchukue vikombe viwili, kimoja mkinywe, kimoja mtie brashi. Kahawa ya baraza haina sukari, na hilo ni muhimu, kwa sababu yenye sukari hunata karatasi zikagandana na usiku sisimizi wakafika. Pakeni mara moja, itatoka rangi ya mchanga. Ngojeeni ikauke. Pakeni tena sehemu ya kivuli tu, itakolea. Mara ya tatu, chini ya ukingo na ndani ya mlango, itakuwa rangi ya boriti. Hakuna rangi ya dukani inayofanana na ukuta wa Mji Mkongwe kama hiyo. Wengine hutia binzari kwa manjano. Inapendeza siku hiyo, lakini jua huila upesi, msiitumie kwa mchoro mtakaoutundika.

Saa na mahali pa kukaa. Fikeni saa moja na nusu asubuhi, au mara ibada ya asubuhi imalizikapo kama mtakavyoelekezwa. Wakati huo jua linapiga kileleni na njia bado ina kivuli, kwa hiyo mnara unang'aa kama umewashwa. Ikifika saa nne mnyanyuke. Mwezi wa Juni jua letu limeegemea kaskazini hata saa sita mchana, kwa hiyo baraza iliyo chini ya ukuta unaotazama kusini haitapigwa jua siku nzima. Tafuta hiyo, na iwe ng'ambo ya njia, si upande wa mlango wa hekalu. Baraza ina mwenyewe. Salimu, omba, na kabla ya kuondoka mwonyesheni mlichochora. Kutoka Darajani mnaingia kwa Changa Bazaar na kunyoosha, hamtapotea. Urojo uwe baada ya kazi na mbali na pale.

Sasa mama mkwe.

Usibishane naye, na usimpe fatwa kutoka kwangu. Ana haki ya kuwa na wasiwasi. Amelelewa kujua mpaka wa nyumba yake. Mwambie kwanza ukweli: mnakwenda kuchora jengo, hamwendi kusali. Mwambie anaweza kubaki kwenye baraza, na hakuna atakayemtaka avuke kizingiti. Kuhusu kuchora kwenyewe, wazee wengi wanakumbuka ile hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Bukhari na Muslim: alijiwa na mtu ambaye riziki yake ni kutengeneza picha, akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Milango, mawe, boga la juu ya mnara, mbingu, vyote vimo humo. Nakshi zenye sura za miungu au wanyama zikiwapo, binti yako anayechora mbingu hatazigusa kamwe, na mkubwa anaweza kuziacha ziwe doa la kivuli. Mimi mwenyewe na watoto wa familia zenye msimamo huo hufanya hivyo na mchoro haupungui kitu. Anayetaka zaidi amuulize sheikh wa mtaa wenu.

Kisha mpe kazi, maana nadhani kinachomuuma ni kwamba safari imepangwa na yeye ni mzigo wa kubebwa. Katika familia yenu ndiye pekee aliyewahi kukaa dukani kwa sonara wa Kihindi. Neno sonara tumelipata kwao, na bangili vilevile, na pesa aliyoilipa, na gari lililompeleka. Wiki hii, kabla ya safari, usiku mmoja baada ya isha, mwombe avue bangili moja aiweke juu ya kitambaa cheupe chini ya taa. Watoto wote watatu waizunguke na penseli. Mkubwa apime duara, wa kati achore nafasi iliyo katikati ya bangili na si bangili yenyewe, ili mkono wake uizoee ile kazi ya mbingu, mdogo ahesabu nakshi. Nawe usiseme kitu kuhusu hekalu. Muulize tu: duka lilikuwa wapi? Alikaa wapi akingoja? Sonara alipima mkono wake kwa kitu gani, kwa uzi au kwa pete za chuma? Alikuja na nani siku hiyo?

Mkubwa aandike majibu chini ya mchoro kwa maneno ya bibi, asiyasahihishe. Siku ya safari karatasi hiyo iwe ya kwanza ndani ya daftari, na kama duka lilikuwa Changa Bazaar, mkifika hapo mwacheni bibi atangulie, awaonyeshe lile duka lilikuwa mlango upi.